Dada, huku sanamu inapandwa kwa miguu

Sapporo, Japani

Dada shikamoo. Mie mzima, theluji imeshayeyuka yote, mwambie mama hela ya dawa nimetuma jana aangalie simu. Sasa nataka nikuhadithie kitu maana wewe ndo mwenye watoto wa chekechea, utanielewa kuliko wengine.

Pembeni ya mji huku kuna bustani inaitwa Moerenuma. Zamani lilikuwa dampo, walimwaga taka kuanzia 1979, zinatajwa tani milioni 2.7, halafu 1988 wakamleta mchongaji Isamu Noguchi, baba yake Mjapani mama Mmarekani, naye akaamua eneo zima liwe sanamu moja. Zima dada, hekta zaidi ya 180! Kwahiyo huwezi kusimama pembeni ukaitazama kama unavyotazama kinyago dukani, ushakuwa ndani yake, lazima utembee.

Kuna kilima cha mita 30 kinaitwa Play Mountain, upande mmoja ngazi 99 za mawe, nimepanda mapaja yanawaka moto, pumzi juu juu, na hapo ndo nimeelewa kile kilima, sio kwa macho. Chini unaona pembetatu ya kijani basi, lakini ukifika katikati upepo unabadilika, mji unaanza kuonekana, moyo unadunda mpaka unausikia masikioni, halafu unashuka kwa upande wa pili wenye mteremko wa polepole na miguu inatulia yenyewe bila kuiambia. Yule mzee alipanga mpaka tunavyohema, mie naamini hivyo kabisa.

Na hicho kilima alikiwaza tangu 1933, akawapelekea New York wakakataa. Miaka hamsini na kitu kakibeba kichwani! Amefariki Desemba 1988, michoro ndo kwanza imekamilika, hajakipanda hata siku moja, bustani nzima imekamilika 2005. Hilo linaniuma sana.

Kuna na kidimbwi cha watoto, sakafu yake imetandazwa matumbawe, nkavua viatu nkaingia, dada nyayo zilikumbuka Tanga kabla ya kichwa. Wazee wanapanda na fimbo zao, watoto wanabingirika kwenye majani, hakuna wa kusema usiguse. Majira ya baridi wanateleza na vibao kwenye theluji juu ya hiyo hiyo kazi ya sanaa.

Sasa ombi langu. Ule udongo uliobaki mlipochimba msingi wa darasa jipya, nimesikia kamati inatafuta lori la kuuondoa. Naomba uwaambie wausubirishe kwanza. Waushindilie vizuri uwe kilima kidogo cha watoto kupanda, wapande ukoka kabla ya masika, upande mmoja waweke mawe ya kukanyagia na mwingine waache mteremko mrefu, usiwe mkali wadogo wasije kuumia. Hela ya ukoka ntatuma mimi mwisho wa mwezi, we niambie tu fundi anataka shilingi ngapi.