Bendi zikirudiana, ulizeni mgao

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu bendi za roki zinazorudiana uzeeni. Mwandishi kayalaumu majivuno kwamba ndiyo yanayozivunja tena. Mimi nimepiga besi kwenye hoteli za Diani na Mombasa Kaskazini miaka mingi, na majivuno nayajua. Mwanamuziki asiye nayo hupanda jukwaani kufanya nini? Wazee wakishakubali kusimama tena pamoja, majivuno huvumilika. Mgao wa pesa ndio usiovumilika.

Chukueni bendi ya Eagles ya Marekani, ambao mwandishi wenu kawapitia kwa mstari mmoja tu. Walisambaratika mwaka 1980, baada ya onyesho la Long Beach ambako wapiga gita wao Glenn Frey na Don Felder walitishiana kupigana humo humo jukwaani, nyimbo zikiendelea. Mpiga drams wao Don Henley akasema watapiga pamoja tena siku jehanamu itakapoganda barafu. Mwaka 1994 wakarudi, wakaigeuza kauli hiyo kuwa jina la albamu, na tiketi zao zikapita dola 100. Wakati ule bei hiyo iliwaacha watu midomo wazi.

Awali Frey, Henley na Felder walikuwa na hisa sawa katika kampuni ya bendi. Waliporudiana, Frey na Henley wakataka fungu kubwa zaidi. Sisemi walikuwa wezi. Katika ile miaka 14 kila mmoja wao alitoa nyimbo zake zikapendwa sana, na majina yao ndiyo yaliyovuta watu. Felder akatia saini. Halafu, kwa maelezo yake mwenyewe, akawa kila mara anaomba aonyeshwe hesabu. Februari 2001 akafukuzwa. Akaenda mahakamani, na kesi ikaja kumalizwa kwa makubaliano mwaka 2007. Sehemu zake za gita akapewa Steuart Smith, mtu wa kuajiriwa, na viwanja vikaendelea kujaa.

Na Felder huyo ndiye aliyeleta muziki wa "Hotel California"! Sisi wa bendi za hoteli tumeupiga wimbo huo mpaka vidole vikajiendea vyenyewe, maana mtalii asipousikia huja kuuagiza. Mwishoni magita mawili ya solo hujibizana, kisha huungana na kushuka pamoja. Gita moja likikosekana, hakuna mwisho. Kwetu mpiga gita la pili ndiye aliyelipwa kidogo kuliko wote, na usiku asipofika tuliukata wimbo mapema, tukaingia kwenye "Malaika" haraka haraka kabla wageni hawajashtuka.

Bendi yetu nayo ilivunjika, na baadaye ikafufuliwa na mmoja wetu aliyekuwa na vyombo. Zamani kila mtu alikuwa na fungu lake, na vyombo fungu moja. Safari hii tukakuta spika zina fungu, jenereta ina fungu, gari lina fungu, na mafungu yote yanaingia mfuko mmoja. Hatukugombana. Mpiga drams alianza kufiwa kila Jumamosi, mwimbaji akawa na koo, na mimi nikapata kazi kwa watu wa harusi.

Guns N' Roses, bendi nyingine ya Marekani, waliporudiana mwaka 2016, mwimbaji Axl Rose alisimama na mpiga gita Slash na mpiga besi Duff McKagan. Izzy Stradlin, mwanzilishi mwenzao na mtunzi wa nyimbo zao nyingi, hakuwemo. Alieleza hadharani kwamba wenzake hawakutaka kugawana sawa. Wapo waliomwona ana tamaa. Mimi namwona ndiye aliyepiga hesabu kabla ya kupanda gari, kwa sababu ukishapanda, tarehe zimetangazwa, tiketi zimeuzwa, na mkeo kashaambiwa, unatia saini chochote utakacholetewa.

Siku hizi hata huku Pwani wazee wa bendi wanakusanywa tena kwa matamasha na harusi za wakubwa. Nawaomba waandishi wenu wakiwahoji, wasiishie kuwauliza walisameheana vipi, maana watajibu kwa tabasamu na picha itatoka nzuri. Waulizeni jina la bendi limesajiliwa kwa nani na benki inakubali saini ya nani. Mumuulize kwanza mpiga besi, tena akiwa peke yake.

Mpiga besi mstaafu,
Likoni, Mombasa