Usipande kabla hujaosha makumbi

Jambiani, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na wanao hamjambo huko Tanga. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, masika yanamalizikia na tangi langu limejaa.

Ujumbe wako wa kitalu nyumba nimeusikiliza mara tatu. Nimefurahi mno. Ila pale uliposema umepata kwa wasokota kamba vumbi la bure la makumbi ya nazi, la kupandia badala ya udongo, moyo ukanishtuka, ndiyo maana nakuandikia usiku huu huu.

Usipande humo kabla hujaliosha, nakuomba. Unajua makumbi yanavyofukiwa pwani, bahari ikayalowesha miezi na miezi hadi usumba uachie. Vumbi linalobaki limekunywa chumvi yote ile. Mimi nililijaza ndoo 40, nikapandikiza miche ya pilipili mbuzi iliyonawiri kwelikweli. Siku ya nane ncha za majani zikaanza kuungua. Nikadhani ina njaa, nikaizidishia mbolea, na mbolea nayo ni chumvi! Ndoo 31 nilizimwaga nikilia.

Sasa nalilowesha kwa maji ya mvua, namwaga, narudia mara tatu nne, mpaka yale yanayotoka yasome chini ya 0.5 kwenye kipimo cha EC, kile kinachoonyesha wingi wa chumvi majini. Kisha nalilaza usiku kucha katika maji yenye mbolea ya kalsiamu naitreti, asubuhi nalisuuza tena. Hapo usiparuke. Maji matupu huondoa chumvi iliyo huru tu. Ile iliyong'ang'ania haitoki mpaka kalsiamu ije ichukue nafasi yake. Na kisima chako kipime pia. Changu kilisoma 1.9, karibu sawa na chakula kamili cha mpilipili uliokwisha kukua, kumbe ni chumvi ya bure. Ndipo nikaweka mifereji paa zima, nikavuna mvua.

Mengine utayazoea. Mapipa ya mbolea yawe mawili, kalsiamu ikae mbali na zile mbolea za salfeti, kwani zikikutana zingali nzito hufanya jasi na kuziba matundu ya mipira ya matone. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kama 6. Kila unapomwagilia, acha sehemu moja katika tano itoke chini ya ndoo, chumvi isije ikajirundika upya.

Joto ndilo linalonitesa hadi leo. Likizidi sana mchana maua hupukutika, kwa hiyo nailoni ya pembeni nimeivua nikatia chandarua cha wadudu, na juu nimetandaza neti ya kivuli. Ndani upepo ni haba na nyuki hawaingii, basi kila saa tatu asubuhi napita nikizitikisa kamba zinazoshikilia mashina ili chavua idondoke. Shoga, hiyo ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Maua madogo meupe yameinama, na hapa maweni kwetu, ambapo jembe halizami hata kidole, kuna mpilipili unanifika kifuani!

Mtoto wa dada anakuja huko Ijumaa. Nimempa kilo moja ya pilipili zako na kile kipimo changu cha zamani, bado kinasoma vizuri. Loweka konzi mbili za vumbi lako usiku, asubuhi uyapime hayo maji, kisha unipigie unitajie namba.

Akupendaye,
Shoga yako wa Jambiani