Risala ya Wazee wa Vinu na Malori kwa Mgeni Rasmi, Iringa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu na wanafunzi,
Wazee wenzetu, na akina bibi mliokuja na viti vyenu wenyewe,

Kamwene!

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua jioni hii unatakiwa Ilula, kwa hiyo salamu tumezifupisha ili habari yenyewe isikatwe katikati.

Kikundi chetu ni cha madereva wastaafu, utingo, wasagishaji, makuli, na akina mama walioshona midomo ya magunia kwa sindano ndefu. Leo tunaikabidhi shule hii mashine moja ya kusaga na vitu vingine vichache. Vijana wa somo la Historia walipokuja kutuhoji walitaka habari za vinu peke yake. Tukawaambia kinu kisichofikiwa na gari ni nyumba ya panya, waandike vyote viwili au waache.

Mheshimiwa, mashine hii unayoiona chini ya turubai ni injini ya Lister, ya dizeli, kutoka Uingereza. Haina betri. Kuiwasha kunataka watu wawili: mmoja anazungusha hendeli, mwenzake anasubiri gurudumu lichanganye ndipo aangushe kiwiko cha valvu. Ukikosea, hendeli inakurudia mkononi, na wapo hapa wenye mifupa ya kuthibitisha hilo. Kwenye bomba la moshi tulifunga kopo tupu ili mlio wake ufike mbali, na mama aliye ng'ambo ya bonde akiusikia anajua leo dizeli ipo, anajitwika debe lake na kushika njia. Maji ya kupozea injini yalikaa kwenye pipa, na baridi ya Juni ya hapa kwetu unaijua: watoto walitumwa kusaga wakanawa uso humo, wakarudi nyumbani weupe kwa unga na weusi kwa masizi.

Kinu chenyewe ni cha nyundo. Nyundo ina kona nne. Kona moja ikilika unaigeuza, hadi zote ziishe. Msagishaji hakuhitaji kuambiwa kona imelika, aliutia unga kwenye viganja akausugua, akajua. Waliotaka dona walipita moja kwa moja. Wa sembe walianzia kwenye mashine ya kukoboa, na pumba zilikuwa na wenyewe wakingoja nje, ng'ombe na watengeneza pombe.

Sasa magari. Mahindi ya Isimani miaka ya 1960 yaliijaza Iringa, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini ikaingia matatani, na barabara yetu ikapata msafara mwingine: malori ya kupeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Fiat zikawa nyingi barabarani, na wengi wetu tulijifunzia kazi humo, kwanza kwa kuosha vioo.

Msomaji wa risala hii alikuwa utingo. Gari la tani 7 lilibeba magunia 77 ya kilo 90. La 78 linazidisha kilo 20 tu, nalo lilipanda. Tusidanganyane mbele ya mgeni. Kazi ya utingo ilionekana Kitonga. Gari likipanda mlima ule kwa gia ya kwanza, unashuka unatembea kando ya tairi la nyuma, kabari begani, jicho kwenye tairi. Likisita tu, unachomeka. Siku moja nilichelewa kwa hatua mbili. Gari lilirudi nyuma likaegemea ukingo wa mlima, magunia 11 yakapasuka. Dereva hakunigombeza. Alinipa sindano na uzi wa katani, akalala chini ya gari hadi nilipomaliza.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, vinu vikubwa vya binafsi vilitaifishwa, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo kila mtu aliliita NMC, kwa jina lake la Kiingereza, National Milling Corporation. Andy Chande, ambaye biashara ya familia yake ilikuwa kati ya zilizochukuliwa, aliombwa na Mwalimu Nyerere abaki aliongoze. Kwenye kinu kikubwa sheria zilikuwa nyingine. Mlangoni unaacha kiberiti, kwa sababu vumbi la unga likitanda hewani hulipuka kama petroli. Mahindi yalipitishwa kwenye sumaku inase misumari. Kwetu kijijini msumari ulijitangaza wenyewe kwa cheche.

Ukame wa mwaka 1973 hadi 1975 ulitugeuza. Malori yaliyozoea kushuka na mahindi meupe yakaanza kupanda na ya njano kutoka Marekani, tukayaita yanga. Hata mashabiki wa timu yenyewe walikula wamenuna.

Na kulikuwa na mageti. Kabla ya 1984 mtu binafsi hakuruhusiwa kuvusha zaidi ya kilo 30 za nafaka kutoka mkoa hadi mkoa bila kibali. Ndiyo maana gunia moja ndani ya basi lilikuwa na wajomba watatu, kila mmoja akiapa kwamba kilo zake ni 30. Mwaka 1984 wakaruhusu kilo 500, na mwaka 1987 zuio likaondolewa. Hapo mahindi yakaanza kusafiri bila kusagwa, hadi kwenye mashine za umeme za Manzese na Tandale. Lister zetu zikanyamaza moja baada ya nyingine, na makopo yale tukawekea misumari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kuna lori bovu la miaka ile kwenye yadi moja ya umma hapa mjini, nalo limeandikwa chaki kwamba litauzwa kama chuma chakavu. Hatuombi tupewe. Tunaomba lisikatwe kabla vijana hawa hawajalipima, hawajalichora, na sisi hatujawaonyesha ndoana za kamba na mahali utingo alipolala. Ombi la pili ni bati 20 za kuezekea banda la mashine hii. Nguzo tumeshasimamisha wenyewe, ingawa moja imepinda kidogo, na mwenye kosa yupo hapa anatabasamu.

Risala ikiisha tutaiwasha, na kopo limefungwa tayari. Tunakuomba usimame upande wa kushoto, maana bomba linatema masizi upande wa kulia na shati lako ni jeupe.

Naomba kuwasilisha.