Kwa nini babako hupiga simu mara 11

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Juzi ulinikasirikia, ati "baba, mimi natoka kazini nakuta umepiga mara 11, moyo unanipasuka nadhani kuna msiba, kumbe ulitaka kujua nimekula nini." Sikukujibu palepale, mamako alikuwa amenikata jicho, na mimi meseji za kidole kimoja zanichosha. Leo nimekaa barazani baada ya laasiri, upepo mzuri, nikasema nikuandikie yote, utaisoma ukipumzika.

Babu yako hukumuona. Alikuwa baharia wa jahazi, walipakia boriti za mikoko hapa Lamu wakaondoka na upepo wa kusi kwenda Arabuni na Ghuba, wakarudi na upepo wa kaskazi, wamebeba tende. Katikati hapo ni miezi, na miezi yote hiyo bibi yako hasikii neno, labda nahodha mwengine apite ana barua mfukoni. Na hakuna aliyeona ajabu. Kimya kilikuwa na msimu wake, watu walijua kaskazi ikishika majahazi yataingia na habari zitaingia, aliyekufa atajulikana, aliyeoa mke wa pili huko naye atajulikana. Bibi hakuogopa kimya, aliogopa kaskazi ikichelewa.

Na usidhani ni sisi tu. Mwaka 1879, Januari tarehe 22, Waingereza walipigwa vibaya na Wazulu pale Isandlwana, London wakaja kujua Februari tarehe 11. Siku 20! Maanake waya wa telegrafu ulikuwa bado haujafika Afrika Kusini, ilibidi habari ipande meli kwanza mpaka pale waya ulipoanzia. Hebu fikiria mama zao wale askari, siku 20 wanamuombea uzima mtu ambaye keshakufa. Mimi nikifika hapo kwenye hii hadithi huwa nanyamaza kidogo. Basi hilo liliwatia haraka, mwisho wa mwaka huohuo waya ushalazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar, ukashuka Msumbiji mpaka Durban. Ulipita huku kwetu nje baharini lakini Lamu haukutia nanga. Unguja wakawa wanapata habari za London siku hiyohiyo na sisi hapa bado twangoja chombo kitoke Unguja. Wajerumani walifungua posta yao hapa 1888, ile nyumba ya makumbusho tuliyokupeleka ukiwa darasa la nne ukalilia ice cream, lakini walifunga 1891, na ilikuwa posta ya barua tu, barua nazo huenda kwa meli.

Kuna kitu kimoja nakipenda nikwambie. Hili neno simu ni la Kiajemi, maana yake waya. Wazee wetu walisema simu wakikusudia telegrafu, na kupiga simu ndo vile karani anavyopiga kile kidude chake, ta-ta-taa, herufi moja moja. Sasa hivi hakuna waya mkononi mwako na hupigi chochote wagusa kioo tu, lakini bado twasema kupiga. Na ile ya zamani ilikuwa kazi kweli. Waya wa kwanza wa kuvuka Atlantiki, 1858, salamu za Malkia Victoria maneno 98 tu zilichukua saa 16 kufika, na baada ya kama wiki tatu waya wenyewe ukafa, walikuwa wameutia umeme mkali kupita kiasi. Wakarudi tena baharini, 1866 ndo wakapata waya wa kudumu.

Sasa nije kwangu. 1984 mimi nilikuwa kijana, nafanya kazi Mombasa bandarini, nalala Majengo chumba kimoja na wenzangu watatu. Babu yako akaanguka asubuhi baada ya kuswali, adhuhuri akafariki, na wewe wajua sisi maiti hatulazi, laasiri washamzika. Ami yako akakimbia kupeleka telegramu. Telegramu ulilipa kwa neno, kwa hivyo watu waliandika kama wanang'oa meno, na halafu kulikuwa na adabu yake, huandiki mtu amekufa, waandika mgonjwa ili msafiri afike salama. Akaandika BABA MGONJWA SANA NJOO. Maneno manne. Ile karatasi ililala kwenye ofisi fulani siku nne, ofisi yenyewe siitaji, imelala tu kwenye trei, mimi niko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo napakua magunia nacheka na watu. Walimtangaza redioni pia, Sauti ya Kenya, kwenye matangazo ya vifo, nami nilikuwa shifti ya usiku nimelala.

Nilipoipata nikapanda basi, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, njia nzima naomba Mungu amponye. Namuombea mgonjwa! Nikavuka na mashua, kushuka pale gatini mzee mmoja jirani yetu akanishika mkono akasema pole mwanangu, tulimzika Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa.

Na unajua kilichoniuma nilipokuja kujua baadaye? Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa 1970. Yaani miaka 14 kabla babangu hajafa, mtu wa Nairobi aliweza kuongea na Ulaya, sauti ikapanda kama kilomita 36,000 angani ikashuka upande wa pili, na karatasi yangu ya maneno manne haikuweza kutoka mezani ikavuka barabara mbili. Waya ulifanya kazi yake vizuri kabisa. Aliyeshindwa ni yule wa kuichukua mkononi akaileta. Tangu hapo mimi sihesabu kwamba habari imefika mpaka nisikie mtu amejibu "naam".

Sasa wewe uko Doha. Huwa naiangalia ramani ya hizi nyaya za sasa za intaneti, kuna moja inaitwa TEAMS ilikuja 2009, yatoka Mombasa moja kwa moja mpaka Fujairah huko Emirati, kama kilomita 5,000, ndani yake nyuzi za kioo nyembamba kama unywele na mwanga ndo unaokimbia humo. Ni njia ya babu yako ileile wallahi, bahari ileile aliyokuwa akienda na boriti, yeye wiki kadhaa, mwanga sehemu ya 40 ya sekunde. Siwezi kujua sauti yako huja kwa uzi gani lakini nikikusikia huwa nawaza inapita chini ya pale alipopita yeye.

Lakini ni kamba baharini mwanangu, na mimi mtoto wa baharia najua kamba. Februari 2012 meli ilitia nanga pale Mombasa mahali pasiporuhusiwa ikaukata huohuo TEAMS, nanga tu! Na ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zilikatika huko karibu na Afrika Kusini, netiweki ikawa mbovu nchi nzima, meseji yangu kwako ikakaa na tiki moja. Wewe ulidhani nimelala. Mimi nilikaa hapahapa barazani mpaka saa saba usiku naiangalia ile tiki, mpaka nikaweka kredi nikakupigia simu ya kawaida ukasema "baba, kuna nini?" nikasema hakuna nikakata. Sasa wajua kulikuwa na nini.

Kwa hivyo mara 11 nitapunguza, nimekubali, nitapiga tatu. Lakini usiizime simu usiku, na nitumie namba ya huyo mwenzako wa chumbani na ya mtu mmoja wa kazini kwenu anayefahamu Kiswahili au Kiarabu, nitaziandika kwenye daftari la mamako la duka, ukurasa wa mwisho. Na kabla ya kulala leo nijibu kwa sauti, si kwa kile kidole cha manjano.

Babako