Usivumilie, Zuhura

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama hajambo, goti limempoa tangu aanze kuchuliwa, na kila siku anauliza utateremka lini pwani. Watoto wazima, wako madrasa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ulipofika pale uliposema, "Basi nitavumilia, pesa nimeshalipa," roho iliniuma. Usivumilie, mwenzangu. Jiko lako la gesi lina siku kumi na moja tangu lifungwe na tayari limekugeuzia masufuria kuwa meusi. Hilo si jambo la kuvumilia, na wala hapo hakuna unayemwomba hisani. Unadai kilicho chako.

Kwanza nikupe kisa cha oveni yangu, maana nilikigusia tu kwenye simu na yaliyobaki nikayameza. Nilikuwa nimeweka akiba tangu Disemba. Mwezi wa Shaaban nikanunua ile ya kuzamisha ndani ya kabati, shilingi 68,500, na juu yake 3,500 za kufungiwa na fundi wa duka lenyewe. Nilitaka Ramadhani inikute naoka mkate wa mayai nyumbani kwangu, nisiende tena kugonga kwa jirani na trei mkononi.

Siku ya tisa mkate uko ndani, dakika kama sita hivi. Mayai kumi na mawili, nimeyapiga mpaka yakafura, iliki imeanza kunukia. Mara nyumba nzima kimya, feni inazunguka polepole inasimama. Breka imeanguka. Nikaipandisha, ikakaa. Nikawasha oveni, ikaanguka. Friji haiiangushi, pasi haiiangushi, birika haliiangushi, ni oveni peke yake. Mkate ukanywea ukalala kwenye trei, mbichi katikati. Nikautupa.

Kesho yake nikaenda dukani. Kijana wa mbele akaniambia niende kituo cha huduma cha kampuni iliyotengeneza, wao kazi yao ni kuuza tu. Nikaenda. Huko nikaambiwa waranti haihusiki na matatizo ya stima ya nyumba. Nikarudi dukani. Meneja, mtu wa makamo, mwenye adabu zake, akanionyesha maandishi madogo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu akaongeza neno ambalo mpaka leo linanikereketa: "Mama, hii ni hewa ya bahari. Chumvi inakula vyombo. Hapo hakuna wa kulaumiwa."

Zuhura, duka liko Mombasa! Oveni imeuzwa Mombasa, imeletwa Tudor kwa gari la duka, na fundi wao ameifunga mahali ambapo ukichungulia dirishani unayaona maji. Kama chombo hakiwezi kustahimili hewa ya bahari siku tisa, basi hakikufaa kuuziwa mtu wa pwani. Nilitoka pale natetemeka kwa hasira, nikakaa kwenye tuktuk sina neno.

Binamu yangu ni karani kwa wakili, na ndiye aliyenifungua macho usiku ule. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni hiki: aliyekuuzia ndiye unayemdai. Pesa zako zimeingia kwa mwenye duka, hazikuingia kwa mwenye kiwanda. Waranti ya kiwanda ni ziada unayopewa. Haiondoi wajibu wa duka hata kidogo. Kwa hiyo wakikwambia tena uende kituo cha huduma, waambie kwa upole kwamba wao wakipenda waende, wewe umenunua kwao.

Sheria zenyewe ziko wazi kuliko nilivyodhani. Kuna ile ya zamani ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza enzi za ukoloni. Inasema bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora unaostahili, na ukimweleza muuzaji unaitakia kazi gani ukategemea ujuzi wake, basi iifae kazi hiyo. Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Hii inamchukulia muuzaji kuwa amekuhakikishia ubora huo, hata kama hakutamka lolote, na inabatilisha maandishi yoyote yanayojaribu kukunyang'anya hiyo haki. Yale maneno ya chini ya risiti, basi, hayana nguvu kitu kikiwa kibovu. Yana nafasi yake ukirudisha chombo kizima kwa sababu umebadili mawazo au rangi imekuchusha. Na juu ya zote hizo kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 46: haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa maelezo ya kukuwezesha kufaidika nazo, ulinzi wa afya na usalama wako, na fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro yake. Nilikisoma kifungu hicho kwa sauti, Mama akasema, "Kumbe tumeandikiwa sisi."

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Meneja alikuwa amenitaka niing'oe oveni niipeleke dukani kwa gharama yangu. Sheria ile ya Sura ya 31 inasema mnunuzi mwenye haki ya kukataa bidhaa halazimiki kuirudisha, isipokuwa kama mlikubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Lakini ajulishwe mapema! Ukikaa nayo muda mrefu bila kusema kitu, unahesabiwa umeipokea. Ukikataa huku unaendelea kuitumia kila siku, unajikata miguu mwenyewe. Kwa hiyo oveni niliizima, nikaitia utepe mlangoni, nikaandika tarehe juu ya utepe.

Halafu nikashikilia jambo moja tu: fundi wao aje aipime mbele yangu. Nikamwita na mzee wangu wa stima, yule aliyetandaza waya nyumba hii. Walikuja Alhamisi. Walivyoitoa kabatini, wakafungua bati la nyuma, na mzee akachomoa nyaya mbili za koili ya chini, ile inayopasha joto, ili isimame peke yake. Akaweka mguu mmoja wa mita yake ya sindano kwenye ncha ya koili, wa pili kwenye bati la oveni. Akanieleza kwamba ndani ya koili waya umezungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu. Unga huo hupitisha joto na kuzuia stima, ila ukipata unyevu hauzuii tena, ndiyo maana koili huzibwa kwenye ncha zake tangu kiwandani. Ikiwa nzima, sindano haitakiwi kuonyesha njia yoyote ya stima kutoka kwenye waya kwenda kwenye bati. Sindano ikasogea. Akapima koili ya juu, sindano ikatulia. Akarudi ya chini, ikasogea tena. Yule fundi wa duka akainama, akaangalia ile ncha, kizibo kimepasuka upande mmoja, akasema kwa sauti ndogo, "Hii imekuja hivi." Binti yangu alikuwa anarekodi kwa simu.

Hewa ya bahari iliingia, sikatai. Lakini iliingia kwa tundu lililotoka kiwandani.

Usiku huo nikaandika barua, ukurasa mmoja tu. Nilichonunua, tarehe, bei, namba ya risiti na ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Siku hitilafu ilipotokea na siku nilipowaarifu mara ya kwanza. Fundi wao alichokiona. Kisha nikasema naikataa bidhaa, nataka pesa zangu au oveni nyingine mpya ya thamani hiyohiyo, ikafungwe bila malipo, ndani ya siku saba, la sivyo naenda Mahakama ya Madai Madogo. Nikapeleka kwa mkono, nakala yangu nikapigiwa muhuri wa duka, na usiku nikawatumia tena kwa barua pepe. Siku ya tano wakapiga simu. Tarehe nne Ramadhani oveni mpya ikawa imefungwa, na fundi yule yule ndiye aliyekuja, akanisalimu kwa heshima.

Kuna kosa nililofanya. Mzee wa stima nilimlipa 1,500 za kazi yake, na nauli zangu za kwenda na kurudi sikuzihesabu. Sikuzidai. Hizo ni hasara zilizotokana na kasoro ya chombo, nilikuwa na haki ya kuziweka kwenye barua. Nilikuwa nimechoka, nikaona aibu kuonekana nang'ang'ania shilingi. Wewe zako ziandike tangu leo, hata ile boda ya kwenda dukani.

Sasa tuje kwako. Lako lina ugumu ambao langu halikuwa nao, na sitaki kukudanganya. Mimi nilifungiwa na fundi wa duka, kwa hiyo hawakuwa na pa kusukumia lawama. Wewe jiko umenunua dukani, lakini limefungwa na fundi wa mtaani kwenu. Watakwambia, na nadhani wameshaanza kukwambia, kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Na kama kweli aliharibu, akapinda mpira wa gesi au akaweka regyuleta mbovu, hapo duka halina deni, utamdai yeye. Ndiyo maana lazima ijulikane kasoro iko wapi kabla hamjagombana.

Ulivyonieleza, ndimi za moto ni ndefu na za manjano kwenye mabano yote manne, pale gesi inapowakia, na masizi yanashika chini ya sufuria. Yote manne, Zuhura. Mzee wangu nilimsikilizisha ujumbe wako, akasema jambo la kwanza la kutazama ni zile pua ndogo za shaba zinazotoa gesi chini ya kila bano. Majiko mengi ya kuzamishwa kwenye kaunta hutengenezwa kwa nchi ambazo gesi huja nyumbani kwa bomba. Gesi ya bomba inataka tundu kubwa. Gesi yetu ya mtungi inataka tundu dogo. Ukiwasha gesi ya mtungi kwenye tundu la bomba, inatoka nyingi kupita kiasi, hewa haitoshi kuichoma yote, na matokeo yake ni hayo masizi. Pua za mtungi kwa kawaida huja kwenye kifuko kidogo ndani ya boksi. Kama boksi bado unalo, litafute leo. Tazama pia kibandiko chini ya jiko, huandikwa limepangwa kwa gesi gani.

Na kama ni hilo, basi ni hewa yangu ya bahari kwa sura nyingine. Duka lililoko Nakuru linajua kabisa watu wanapikia mtungi. Kukuuzia jiko lililopangwa kwa gesi ya bomba bila kukuambia pua zibadilishwe ni kukuuzia kisichofaa kazi yake, na ni kukunyima maelezo uliyostahili. Fundi wako naye alipaswa kutazama kabla ya kuunga, hilo sitalificha, lakini halimwondolei muuzaji lake.

Ila nakusihi, lizime sasa. Funga mtungi juu kabisa, usisubiri kesho. Moto wa manjano unaotoa masizi hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu, na jikoni kwako dirisha ni dogo, nalikumbuka. Pikia makaa nje au lile jiko lako la zamani siku hizi chache. Usimruhusu fundi wako wala mwingine alifungue kabla hujawaarifu duka kwa maandishi, wasije wakasema mmechokonoa. Piga picha ya masufuria, na ya kibandiko.

Wakikuzungusha, kuna njia mbili. Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, wana idara ya watumiaji. Au nenda ile mahakama ya madai madogo, nanyi Nakuru mnayo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Mimi sikufika huko. Nadhani kuitaja tu kwenye barua ndiko kulikomfanya meneja anyanyue simu.

Nimekuandikia mwanzo wa barua yako, nao huu hapa, uunakili kwa mkono wako na ujaze palipo wazi: "Mnamo tarehe … nilinunua kwenu jiko la gesi la mabano manne kwa matumizi ya nyumbani, na mlijua kwamba ningelitumia kwa gesi ya mtungi. Tangu lilipowashwa mara ya kwanza linatoa moto wa manjano na masizi kwenye mabano yote. Nimeacha kulitumia tangu leo. Naomba mtume fundi wenu alikague mbele yangu ndani ya siku tatu." Ya kukataa bidhaa na kudai pesa utaongeza baada ya fundi wao kuona. Anza na ukaguzi, maana ukaguzi ndio ulionisaidia mimi.

Nitumie picha ya kibandiko usiku huu, nimwonyeshe mzee kesho akipita kwenda msikitini. Na ukipata kile kifuko cha pua usitupe kitu, hata karatasi yake. Mwambie baba Rahma nimemsalimu, na kwamba asikuambie tena uachane na mambo ya madukani. Aende nawe, akusaidie kubeba boksi.

Wako akupendaye,
Mwanaisha