Shoga, kabla hujatoa hela yako kwenye hii simu

Shoga yangu wa kitanda cha juu,

Asalaam aleikum. Za Kilwa? Watoto wazima, shule inaendaje? Sisi huku Dar tupo, joto limeanza mapema na foleni ndo ile ile. Ulinitumia voisi ya sekunde kumi tu, "shosti hiyo simu yako mpya nimeiona kwenye picha, nzuri? na mimi ninunue?" ukadhani nitakujibu ndio au hapana, kumbe mimi nikaanza kukurekodia nikafika dakika ya tisa, mtoto akaja analia nikaifuta yote. Basi nimeona nikuandikie kama enzi zile za bweni, ukishamaliza kusahihisha madaftari yako ukae na chai usome taratibu.

Kwanza tujue tunaongelea ipi, maana Samsung mwezi Machi 2025 walitangaza simu tatu kwa mpigo, A26, A36 na A56, na ukiziona kwa mbali ni watoto wa mama mmoja utachanganya majina. Yangu ni A56, ndo dada mkubwa. Nimeichukua wiki tatu zilizopita nilipopokea mchezo, na usianze kuniambia ningenunua friji, friji lipo, linagandisha vizuri tu.

Haya, uzuri wake. Kioo shoga, kioo! Inchi 6.7, rangi zimekolea kama kanga mpya haijapigwa maji, halafu ukiperuzi na kidole picha inateleza haikwamikwami, wenyewe wanasema kioo kinajichora mara 120 kwa sekunde moja, mimi hesabu hizo sizijui ila macho yanaona. Na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba nikisimama kituoni saa saba mchana jua la utosi nasoma meseji bila kujifunika mtandio kichwani kama nachungulia mtungi. Wembamba wake milimita 7.4, uzito gramu 198, ile A55 iliyoitangulia, ya 2024, ilikuwa gramu 213, utasema gramu kumi na tano ni nini, sasa wewe lala chali uangalie wasap usiku halafu ikudondokee puani ndo utajua gramu ni nini.

Kamera kubwa ni megapikseli 50 na ina kile kitulizo cha ndani kinachozuia mkono ukitetemeka picha isifanye ukungu, nimeenda nayo kwenye kichen pati ya mtoto wa dada, taa zenyewe zile za rangi zambarau zinazozunguka, na sura zimetoka, hina mkononi unaisoma ua kwa ua. Ya mbele 12. Kuna na kitu wanakiita Best Face, mnapiga picha ya kikundi halafu yule aliyefumba macho unamchagulia uso wake mwingine aliofumbua, sekunde hiyo hiyo ya picha, nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Ila inafanya kazi kwa watu mpaka watano, wewe una darasa la watoto themanini sijui utaanza na nani.

Sasa hapo nyuma utaona macho matatu ukadhani kamera tatu za maana. Mbili ndo za maana, ile kubwa na ile ya kupiga eneo pana ukitaka ukumbi wote uingie. Ya tatu ni ya vitu vidogo vya karibu karibu, megapikseli 5, mimi naihesabu kama kile kiti cha plastiki cha nne ambacho mguu umeungwa na waya, kipo lakini hakuna anayekikalia. Na ya kuvuta mbali kabisa haina, kwahiyo siku ya mahafali ukiwa umekaa nyuma unataka picha ya mtoto wako jukwaani, itabidi uinuke tu usogee mbele kama wamama wenzako.

Kinachonifanya nisijute hela yangu ni kingine na hakionekani kwa macho. Wameahidi kuisasisha miaka sita, matoleo sita ya Android (ule mfumo unaoendesha simu), na ulinzi vile vile miaka sita, yaani mpaka 2031. Unakumbuka simu yangu ile ya zamani (kampuni siitaji, yaliyopita yamepita) ilivyokuwa nzima kabisa, inapiga inapokea, ila programu ya benki ikaanza kuniambia kifaa chako hakitumiki tena? Simu haijafa lakini imezikwa. Sisi hatubadilishi simu kila mwaka, mimi nikinunua nimenunua, kwahiyo mtu akiniambia miaka sita naelewa lugha hiyo kuliko megapikseli. A55 ya 2024 waliahidi matoleo manne na ulinzi miaka mitano, si mbaya, ila hesabu yake ilianza mwaka mmoja kabla ya hii.

Maji pia, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu wewe nakujua, utaenda nayo ufukweni. Ina kiwango cha IP67, maana yake inavumilia kuzama mita moja nusu saa, lakini hayo ni maji baridi, maji ya bomba, ya kisima. Bahari haimo. Chumvi ya baharini wenyewe Samsung wanaonya kabisa usiende nayo kuogelea. Kwahiyo kaka yako akikuchukua kwenye mashua kwenda Kilwa Kisiwani usijidai simu yangu haiogopi maji, ifunge kwenye mfuko kama zamani.

Kwenye boksi nikakuta simu, waya na kile kipini cha kutolea laini. Basi. Kichwa cha chaja hakuna. Na simu yenyewe inapokea chaji ya wati 45, ambayo ndo sifa yake mojawapo kubwa maana A55 iliishia 25, wanasema ukiwa na kichwa sahihi nusu saa inafika asilimia 65. Lakini kichwa sahihi unakitafuta mwenyewe kwa hela yako. Mimi nikajifanya mjanja, nikapita kibandani kwa kijana mmoja ananipa kichwa kimeandikwa 45W herufi kubwa kabisa, bei ya karanga, nikakipachika usiku, asubuhi kimechemka ungeweza kukaangia yai na simu iko nusu. Nikakitupa. Nikaenda kununua cha kweli dukani, nikaomba na risiti. Huko kwenu umeme ukirudi kwa muda wa saa mbili halafu ukachukuliwa tena, chaji ya haraka ni neema kubwa, lakini weka bajeti ya kichwa pembeni tangu mwanzo, usije ukapiga hesabu ya simu peke yake.

Bei? Marekani 2025 waliitoa kwa dola 499. Huku kila duka na mungu wake, nimeuliza maduka manne Kariakoo mtaa mmoja nikapata bei nne, na la tano akanipunguzia baada ya kunisikia naongea kimwera na mama mmoja pale mlangoni, kumbe na yeye wa kusini. Ukija tutaenda wote.

Halafu haya ndo niliyotaka kukwambia tangu mwanzo nikawa nazunguka.

Haina pa kuweka memori kadi.

Najua umeshika kifua. A55 ya 2024 ilikuwa napo, hii wamepaondoa. Unapata GB 128 au 256 za ndani, na hizo si zote zako, mfumo wenyewe unakula fungu lake kabla hujapiga hata picha moja. Sasa vijana watakwambia aah mama, GB 256 utaweka nini, na ile kadi yako ni ya 64 tu, inaingia yote na nafasi inabaki, na kwa hesabu wako sahihi kabisa. Wengine watakwambia weka Google, wanakupa GB 15 za bure, ukitaka zaidi unalipia kila mwezi, na bando la kupandishia juu unalipia wewe, na mtandao wa nyumbani kwako unavyopanda na kushuka kama maji ya pwani, tuyaache.

Lakini mimi nawe tunajua memori kadi si nafasi tu. Kadi unaichomoa. Simu yangu ile iliyopita siku ilipotumbukia kwenye ndoo ya nguo na isiwake tena, fundi aliniambia dada hapa hakuna kitu, nikalia, halafu akachomoa kadi akaifuta na shati lake akaipachika kwenye simu yake mwenyewe na picha zote za arobaini ya baba zikatokea pale pale. Kwa A56 ndoo ikishinda (na wanasema haitashinda, haya) ulichokuwa hujakikopi pengine kimekwenda nayo. Na wewe kwenye hiyo kadi yako kuna mawaidha yako, kuna taarabu zako za miaka yote, picha za watoto tangu uanze kufundisha, na kuna ile sauti ya bibi yako anahadithia hadithi ya sungura mpaka anasahau mwisho anaanza kucheka. Umeibeba simu tatu sasa hiyo kadi. Unaitoa hii unaitia ile, kama mtu anahama na jiwe la kusagia la mama yake.

Na hapo hapo tundu la hedifoni za waya nalo hakuna, na redio ya FM hakuna. Zile hedifoni zako nyeupe ulizonunua stendi zitabaki mapambo, labda ununue kile kiunganishi cha kwenye tundu la chaji au uhamie za bluetooth ambazo moja itapotea wiki ya kwanza, nakufahamu.

Kwahiyo jibu langu kama dada. Mimi kwa kazi yangu, kadi nilishaacha siku nyingi, vitu vyangu navikopi kwenye kompyuta ya ofisini kila mwisho wa mwezi, nataka kioo, nataka picha, nataka miaka sita, nimepata. Wewe hapana. Wewe nenda kaangalie yule mdogo wao, A26. Imetangazwa siku moja na hii, kioo inchi 6.7 hizo hizo na kuteleza kule kule, betri ya mAh 5,000 kama yangu, IP67 ipo, miaka sita ipo, kamera kubwa 50 ipo na kitulizo chake. Na pa kadi PAPO. Inapungukiwa, sikufichi, chaji yake ni ya wati 25, ubavu ni wa plastiki wakati yangu chuma, kamera ya eneo pana ni dhaifu zaidi, mtambo wa ndani mdogo kidogo kwahiyo wale wanao wa kucheza gemu watalalamika, na kidole cha kufungulia simu unaweka pembeni kwenye kitufe badala ya juu ya kioo. Hedifoni za waya nayo haina, hapo hukwepi. Angalia tu kitu kimoja, sehemu ya kadi inashirikiana na laini ya pili, kwahiyo ukitaka laini mbili za plastiki na kadi kwa pamoja haziingii, chagua. Wewe ile laini ya pili si ya yule wa kikundi cha wazazi anayekupigia saa tano usiku? Itoe.

Bei yake iko chini vizuri, hela inayobaki nunua kichwa cha chaja, kava, na kadi mpya ya jina linaloeleweka, maana na hizo feki ziko nyingi, zinaandikwa GB nyingi halafu zikijaa kidogo zinameza vitu.

Na popote utakaponunua, hata kwa shemeji yako, kabla hujatoa hela bonyeza *#06# itatoka namba ndefu ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu yenyewe, itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu gani. Isome, ilingane na boksi. Unakumbuka Juni 2016 walivyozima simu feki nchi nzima, mjomba wetu akaamka asubuhi anagonga gonga simu yake kwenye meza akidhani betri? Hiyo tusirudie.

Nikupe ya mwisho nikapike. Hiyo kadi yako ni ya tangu lini, 2017? Na hizo nazo zinachoka. Ijumaa kuna basi linakuja huku, mwanao si anarudi chuo, mpe aniletee, nitakopi kila kitu kwenye kompyuta na kwenye flashi halafu nitamrudishia kondakta siku ya pili yake, nitaifunga kwenye kile kikopo cha vidonge isipotee. Sauti ya bibi nitaikopi mara mbili. Na umpe mwanao na ngisi wakavu, wa mwezi uliopita wameisha, walikuja wageni.

Wasalimie wote, mwalimu mkuu wako usimsalimie.

Mimi,
wa kitanda cha chini