Heshima ya Dk. Luande ianzie kwenye rejista ya zahanati

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila inapokaribia Juni 13, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, husemwa mengi juu ya usalama wa ndugu zetu, na ni haki yasemwe. Lakini kinachowamaliza wengi kimyakimya ni jua, na mtu aliyetuonyesha jambo hilo kwa hesabu hatajwi jukwaani. Tunamzungumzia Dk. Jeff Luande.

Mwaka 1985 jarida la kitabibu la Cancer lilichapisha makala aliyoandika na wenzake wawili kuhusu watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Kazi hiyo ukiisimulia inaonekana ndogo: kuandikisha watu, kuangalia ngozi, kuandika umri na kilichoonekana. Ila kwa kuwa waliangaliwa kuanzia vichanga hadi watu wazima, ilionekana picha ambayo daktari anayepokea mgonjwa mmoja mmoja haioni. Madhara ya jua huanza mwaka wa kwanza wa maisha. Magamba magumu hufuata. Saratani iliyokomaa humkuta mtu akiwa na miaka 20 na kitu au 30 na kitu, akiwa bado analea. Mwaka 1995 Dk. Luande alikuwa pia miongoni mwa waandishi wa utafiti wa vinasaba uliogundua kwamba kwa Watanzania wengi wenye aina ya ualbino iliyozoeleka hapa, kilichopotea ni kipande kilekile cha jeni moja, chenye urefu wa herufi kama 2,700 za maandishi ya vinasaba. Ni kazi nzuri, lakini sisi wa vyumba vya uchunguzi tunaishi kwa ile ya 1985.

Tunaishi kwayo kwa sababu inatuambia kuna muda. Kati ya gamba la kwanza na kidonda cha saratani mara nyingi hupita miaka. Gamba linaondolewa kwa sekunde chache, mgonjwa amekaa kwenye kiti cha kawaida. Likiachwa likawa saratani iliyoingia kwenye gegedu la sikio au kushika tezi za shingo, mambo ni mengine: upasuaji mkubwa, kisha mionzi ya wiki kadhaa katika hospitali kama Ocean Road ya Dar es Salaam au Bugando ya Mwanza, na nauli, na mahali pa kulala mjini. Wengi hukatiza mionzi katikati kwa sababu hizo mbili za mwisho.

Sasa tuseme jinsi uchunguzi unavyofanywa, maana mara nyingi tunaambiwa hauwezekani bila daktari bingwa. Unawezekana. Unahitaji dirisha lenye mwanga wa mchana, kioo cha kukuzia, rula ya milimita, kitana, gozi, maji ya chumvi ya hospitali, na dakika 10.

Mgonjwa avue kofia, miwani na nguo, abaki na ya ndani, akiwa na mtu wa jinsia yake chumbani. Anza juu. Gawa nywele kwa kitana mstari kwa mstari uone ngozi ya kichwa. Kisha masikio: ukingo wa juu, na nyuma yake, mahali ambapo mtu hawezi kujiona hata kwa kioo. Paji la uso, kope, mbavu za pua. Mdomo wa chini ubinue kwa kidole. Kisogo na pande mbili za shingo. Kifua pale shati linapoachia wazi, mabega, mikono kwa nje, mgongo wa kiganja, miundi, juu ya nyayo. Usitegemee jicho peke yake. Gamba la mwanzo hupapaswa kabla halijaonekana. Linakwaruza kidole kama msasa, na rangi yake haitofautiani sana na ngozi iliyolizunguka. Mwenye glavu nene atalikosa.

Kosa kubwa tunalolikuta ni kuogopa ukoko. Mhudumu anaona ukoko mkavu sikioni, anaandika "kidonda kinapona", mgonjwa anarudi nyumbani. Ukoko ni kifuniko tu. Loweka gozi kwenye maji ya chumvi, liweke juu yake dakika 5 hadi 10, kisha uutoe taratibu. Kama chini yake kuna ngozi ya waridi iliyo laini, vema. Kama kuna kidonda chenye kingo zilizoinuka, au nyama inayotoa damu kwa kuguswa tu, au ukibana kwa vidole viwili unahisi ugumu kama kifungo kimeshonwa ndani ya ngozi, huyo ni wa rufaa. Halafu papasa tezi: mbele ya sikio, nyuma yake, chini ya taya, shingo yote, kwapani. Wengi husahau ile ya mbele ya sikio, na ndiyo hupokea kutoka kwenye paji la uso na kichwa.

Ishara za kutosubiri ni hizi: kidonda kisichofunga ndani ya wiki 4, gamba linalozidi sentimita 1, gamba linaloanza kuuma likibinywa, lolote linalokua haraka au kuota kama kipembe. Mabadiliko ya rangi, ambayo vitabu vya Ulaya huyasisitiza, kwa mwenye ualbino hayasaidii sana. Hata melanoma yake (saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi), ambayo ni adimu, yaweza kuwa uvimbe wa waridi usio na weusi wowote.

Hapa ndipo miezi hupotea. Mtu mwenye kidonda cha namna hiyo hupewa dawa ya kuua bakteria, kisha krimu ya fangasi, kisha yenye steroidi, kila moja kwa wiki kadhaa. Hakuna iliyo mbaya kwa kazi yake. Ila kidonda kilichokataa dawa ya kwanza kwa mwezi hakihitaji ya pili, kinahitaji kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama yake, kikapimwe maabara.

Kuchukua kinyama nako kuna kanuni zake. Choma ganzi ya lignokaini, subiri ifanye kazi, kata kwenye ukingo wa kidonda pale kinapokutana na ngozi nzima, na kata kwa kina mpaka uone mafuta ya chini ya ngozi. Ukikwangua juu, maabara itakujibu kwamba imeona magamba na nyama iliyokufa, na utakuwa umempotezea mgonjwa mwezi. Ukikata katikati ya kidonda kikubwa, jibu ni hilohilo, maana katikati pameoza. Kitumbukize mara moja kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, na fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama chenyewe. Tumeona vinyama vimeletwa kwenye maji ya chumvi, kwenye spiriti, na kimoja kwenye gozi kavu. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, lisiandikwe kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana mezani. Fomu iseme umri, mahali penyewe pa mwili, upande wa kulia au kushoto, na kwamba mgonjwa ana ualbino. Mtaalamu wa patholojia, anayekisoma kinyama maabara, asiyeambiwa hilo hana sababu ya kutarajia saratani ya jua kwa kijana wa miaka 19.

Magamba ambayo bado si saratani huunguzwa kwa baridi ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Gamba nene likwanguliwe kwanza, vinginevyo baridi itaishia kwenye ugumu wa juu na isifike kwenye mzizi. Puliza mpaka weupe wa barafu uvuke ukingo wa gamba kwa milimita 1, kisha uudumishe sekunde 5 hadi 10. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi tunasita kwa kuogopa kumwachia doa jeupe; kwa mwenye ualbino hofu hiyo haipo. Tatizo letu ni usafirishaji. Naitrojeni hupungua ndani ya mtungi hata kama hujaigusa, na kliniki tembezi iliyopanga wilaya ya mwisho siku ya mwisho hufika na mtungi mwepesi. Safari ipangwe kwa kuanza na walio wengi, si kwa kuanza na walio karibu na lami. Na kamwe usigandishe kitu unachokitilia shaka kabla ya kuchukua kinyama: juu patapona, chini saratani itaendelea kwa raha zake.

Penye magamba mengi usoni kuna krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Asipewe mjamzito, isiguse jicho, mikono ioshwe baada ya kupaka. Jambo la kumweleza mgonjwa kabla hajatoka mlangoni ni kwamba uso utakuwa mwekundu, utachubuka na kufanya ukoko, na hiyo ndiyo dalili kuwa dawa inafanya kazi. Asiyeelezwa huacha siku ya sita akidhani dawa imemdhuru, na anamwambia jirani yake mwenye ualbino asiiguse.

Losheni ya kukinga jua ina hesabu ambayo wafadhili wengi hawajaifanya. Mtu mzima anahitaji kijiko cha chai kimoja kwa uso, masikio na shingo, na kimoja kwa kila mkono. Hivyo ni vijiko 3, yaani mililita 15. Akipaka mara 2 kwa siku ni mililita 30, na chupa ya mililita 100 inaisha siku ya nne haijafika jioni. Anayepewa chupa moja ya kumfikisha miezi kadhaa atapaka kidogokidogo, na losheni yenye kinga ya 30 (SPF 30 kwenye chupa) ikipakwa nusu ya kipimo haimpi kinga ya 30. Kilisun, losheni inayotengenezwa kule Moshi kwa ajili ya ngozi hii, ni msaada mkubwa na tunaishukuru. Lakini hata yenyewe ni nyongeza ya nguo. Mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana (kiinue dhidi ya jua; ukiona nuru inapenya kwa wingi hakifai), na kofia yenye ukingo wa sentimita 8 kuzunguka kote. Kapelo huacha masikio na kisogo nje, na huko ndiko tunakokata. Shule zinazomvua mtoto kofia mstarini kwa sababu si sare ya shule zitafakari upya, pamoja na zile zinazoweka michezo kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

Wasomaji weusi wasidhani barua hii haiwahusu. Melanoma ya watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina kesi. Bob Marley aligunduliwa yake kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981. Mstari mweusi mpya kwenye kucha moja unaozidi kupanuka, au doa la unyayoni linalobadilika, vipimwe. Vivyo hivyo kovu la moto la miaka mingi linalofunguka lenyewe na kuanza kutoa harufu.

Tunaulizwa sana kuhusu programu za simu zinazosoma picha ya ngozi na kutoa jibu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kompyuta iliyofunzwa kwa picha 129,450 ikilingana na madaktari 21 wa ngozi katika majaribio waliyoyapanga. Ni hatua kubwa. Lakini picha nyingi zinazofunzia programu za aina hii ni za ngozi za Wazungu, na ngozi ya Mwafrika mwenye ualbino si ngozi ya Mzungu: ina magamba, makunyanzi na madoa ya jua yaliyorundikana tangu utotoni, kidonda kimejificha katikati yake. Simu itumike kwa kazi moja ambayo tayari inaiweza: kupiga picha mbili, moja ya mbali inayoonyesha ni sikio la nani, moja ya karibu yenye rula pembeni, na kuzituma kwa daktari wa ngozi mkoani.

Ombi letu kwa Wizara ya Afya na halmashauri ni daftari. Kila zahanati iwe na rejista ya watu wenye ualbino wa eneo lake, mtoto aandikishwe siku ya chanjo ya kwanza, na kila jina liwe na mchoro wa mwili mbele na nyuma, tarehe ya uchunguzi na tarehe ya kurudi. Asiye na gamba arudi baada ya miezi 6, mwenye magamba baada ya 3. Asiyetokea, mhudumu wa afya wa jamii amfuate. Dk. Luande aliwaandikisha watu 350, na rejista tunayoiomba tungependa iitwe kwa jina lake.

Na Juni 13 ijayo, atakayepewa kipaza sauti kwa niaba ya wilaya yake aulizwe waliochunguzwa ngozi tangu Desemba ni wangapi, na waliokutwa na magamba wametibiwa wangapi.

Ni sisi,
Matabibu na wauguzi wa ngozi,
Kanda ya Kaskazini